Maisha ya Meja Armstrong, Mgunduzi wa FM

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mhariri wetu aliniomba niandike habari za maisha ya mtu mashuhuri aliyekufa zamani, naye nadhani alitaraji nitaandika habari za mfalme au jemadari. Hao wamekwisha andikwa na wengi, tena kwa ufundi kunishinda. Mimi nimemchagua mtu ambaye herufi mbili za kazi yake twaziona kila siku katika redio, katika simu za mkononi na katika mabasi yaendayo Dodoma na Arusha, wala jina lake hatulijui. Herufi zenyewe ni FM, na mtu mwenyewe ni Meja Edwin Howard Armstrong wa Marekani. Tena nataka kueleza jambo ambalo wenzangu wa kwaya wamenibishia tangu muhula uliopita, ya kwamba njia ile ile iletayo sauti safi redioni ndiyo iliyotumika kutengeneza sauti za tarumbeta na kengele katika vinanda vya umeme, ambavyo ukivifungua huoni tarumbeta wala kengele ndani yake.

Armstrong alizaliwa katika jiji la New York tarehe 18 Desemba, 1890. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya vitabu, na mama yake alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa. Alipokuwa mtoto wa miaka minane hivi alishikwa na ugonjwa wa kutikisika viungo, akakaa nyumbani miaka miwili bila kwenda shule. Alipona, lakini ugonjwa ulimwachia alama: hata alipokuwa mtu mzima, shingo na bega lake vilitikisika kila aliposisimka. Wazazi wake walihamia Yonkers, kaskazini ya jiji, katika nyumba iliyoutazama mto Hudson. Hapo, alipokuwa na miaka 14, alisoma kitabu cha habari za wavumbuzi, naye akakata shauri kuwa mmoja wao. Chumba chake kilikuwa juu kabisa, chini ya paa, nacho kilijaa nyaya na vyombo hata pasiwe na mahali pa kukanyaga. Nje alisimamisha mlingoti wa kunasia mawimbi ya redio, wenye urefu wa mita 38 hivi. Mwenyewe alipanda kileleni kwa kijikiti cha kamba. Woga wa kwenda juu hakuwa nao kabisa, na jambo hili msomaji alikumbuke, kwa maana nitalirudia.

Mwaka 1909 aliingia Chuo Kikuu cha Columbia, akisafiri kila siku kutoka nyumbani kwa pikipiki nyekundu. Siku hizo redio zilikuwa dhaifu. Msikilizaji alivaa vyombo masikioni, akategea milio hafifu kama ya mbu. Ilikuwako taa ya kioo iitwayo odioni, iliyobuniwa na Bwana Lee de Forest mwaka 1906, yenye uwezo wa kukuza sauti kidogo; wala hapakuwa na mtu, hata huyo aliyeibuni, aliyejua barabara namna ilivyofanya kazi. Kijana Armstrong aliichunguza kwa uvumilivu, na mwaka 1912, akiwa bado mwanafunzi, aligundua kwamba sehemu ya sauti itokayo katika taa ikirudishwa mlangoni mwake, itakuzwa tena, na tena, na tena, hata izidi mara elfu.

Kila mwanafunzi wa shule hii amekwisha kuyasikia hayo, ijapokuwa hakujua. Siku ya mahafali, kipaza sauti kikielekezwa kwenye spika, hupiga yowe kali hata watu wakaziba masikio. Ndiyo hiyo hiyo sauti inayorudi mlangoni ikikuzwa pasipo kiasi. Armstrong aliifunga hatamu. Akiizuia kidogo, alisikia vituo vya mbali sana, hata Ireland na Honolulu. Akiiachilia ipige yowe, taa yenyewe iligeuka kuwa mtambo wa kurusha mawimbi.

Alimwomba baba yake fedha za kuandikisha hataza, yaani hati ya serikali imlindayo mvumbuzi asiibiwe kazi yake. Baba alikataa, akamwambia amalize kwanza masomo. Basi kijana alichukua mchoro wake, akautia muhuri wa mwanasheria tarehe 31 Januari, 1913, uwe ushahidi. Hataza yenyewe aliipata Oktoba 1914. Nimekaa nikifikiri juu ya baba yule. Wazazi wetu wangefanya vivyo hivyo, na huenda nami ningefanya vivyo hivyo kwa mwanangu. Lakini miezi ile aliyokawia ilikuja kumgharimu miaka ishirini ya kesi.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumwa Paris katika kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani, na huko mwaka 1918 alibuni namna mpya ya kupokea mawimbi: wimbi lolote lingialo hushushwa kwanza hata kufika kipimo kimoja, ndipo likuzwe. Kwa miaka mingi karibu kila redio na televisheni duniani ilijengwa kwa namna hiyo. Alirudi kwao na cheo cha meja, na watu wakamwita Meja mpaka mwisho wa siku zake.

Sasa anaingia mtu wa pili katika habari hii, naye ni Bwana David Sarnoff, aliyefika Amerika utotoni kutoka Urusi, akaanza kazi kama tarishi hata akawa mkubwa wa kampuni ya redio ya RCA. Walikuwa marafiki. Kampuni ilinunua uvumbuzi wa Armstrong kwa fedha nyingi na kwa hisa, hata hapakuwa na mtu binafsi aliyekuwa na hisa nyingi katika RCA kumzidi. Alimpenda karani wa Bwana Sarnoff, Bibi Marion MacInnis, wakaoana Desemba 1923. Miezi michache kabla ya hapo alikuwa amepanda mpaka ncha ya mlingoti wa RCA uliosimama juu ya jengo refu mjini New York, akapigwa picha amening'inia huko, akampelekea mchumba wake. Mchumba alifurahi. Bwana Sarnoff hakufurahi hata kidogo.

Habari za kesi yake na Bwana de Forest nitazipitia upesi, maana ni za kuchosha. De Forest alidai kwamba ndiye aliyetangulia kurudisha sauti mlangoni mwa taa. Kesi ilipanda mahakama baada ya mahakama, na mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa de Forest ushindi. Mafundi wengi waliona kwamba majaji hawakuelewa umeme. Armstrong alikwenda katika mkutano wa chama cha wahandisi wa redio ili arudishe nishani waliyompa zamani kwa uvumbuzi huo, kwa kuwa sheria imesema si wake. Wenziwe walikataa kuipokea, wakasimama wakampigia makofi.

Nimefika penye kiini cha habari yangu.

Adui mkubwa wa redio za zamani alikuwa mikwaruzo. Katika mkoa wetu wa Singida, hasa vijijini, wazee wanaijua vizuri. Babu yangu alikuwa na redio ya masafa mafupi, na mvua zinapoanza na radi kupiga, redio ile ilikaanga kama bisi sufuriani. Amenisimulia kwamba mwaka mmoja walisikia katika matangazo ya vifo jina la ndugu yao aliyekuwa akifanya kazi mbali, lakini radi ilipiga wakati msomaji akitaja mahali na siku ya maziko. Wakakaa wakiulizana, na mtu alipofika kutoka mjini kuwapa habari kamili, maziko yalikwisha pita siku mbili. Kwa hiyo nisikiapo watu wakisema mikwaruzo ni jambo dogo, mimi sikubaliani nao.

Kwa nini radi iingie katika redio? Kwa sababu redio za namna ile, ziitwazo AM, hubeba sauti kwa kubadili kimo cha wimbi. Mtangazaji akisema kwa nguvu, wimbi huinuka. Akisema polepole, hushuka. Na radi nayo huinua na kushusha kimo cha mawimbi, basi redio haiwezi kupambanua lipi ni neno la mtangazaji na lipi ni la radi. Mfikirie mtu aliye ng'ambo ya ziwa Singidani, ambaye tumepatana naye atupelekee habari kwa ngoma: akipiga kwa nguvu maana yake hivi, akipiga kwa upole maana yake vile. Upepo wa Singida mnaujua. Ukivuma huku, pigo la nguvu litatufikia dhaifu, na la upole hatutalisikia. Lakini kama tumepatana kwamba akipiga haraka haraka maana yake hivi, na akipiga polepole maana yake vile, upepo utafanya nini? Utapunguza ukubwa wa mlio, lakini hesabu ya mapigo hautaibadili. Ndiyo FM hiyo. Kimo cha wimbi kinabaki kile kile, bali wingi wa mitetemo yake katika sekunde moja huongezwa na kupunguzwa kwa kufuata sauti ya mtangazaji. Redio inayopokea hukatilia mbali vimo vyote vilivyozidi, pamoja na uchafu wa radi, ikabaki kuhesabu mitetemo tu.

Msomaji atasema kwamba jambo hili ni rahisi, mbona halikufanywa mapema? Lilikwisha fikiriwa, nalo likakataliwa. Mwaka 1922 mtaalamu mkubwa wa hesabu, Bwana John Carson wa kampuni ya simu ya AT&T, aliandika kuonyesha kwamba ukilichezesha wimbi namna hii, halikai peke yake. Huzaa mawimbi mengine pembeni, juu yake na chini yake, jozi baada ya jozi, nayo hutapakaa hata yakachukua nafasi pana kuliko AM. Tena, kwa nafasi nyembamba zilizokuwa zikitumika, faida haikuonekana. Hesabu zake zilikuwa sahihi. Wahandisi walizisoma, wakaliacha jambo hilo. Tafadhali msomaji ayashike mawimbi haya ya pembeni, maana ndiyo yatakayotufikisha kwenye vinanda.

Armstrong hakushindana na hesabu za Carson. Alifanya kinyume cha desturi: badala ya kubana nafasi, aliipanua. Aliliacha wimbi liyumbe sana, mpaka mitetemo 75,000 kwa sekunde kila upande, na kituo kimoja akakipa nafasi ya mitetemo 200,000, ambapo kituo cha AM cha Marekani kilitengewa 10,000 tu. Kwa mfano wetu wa ngoma, tofauti kati ya haraka na polepole ikiwa kubwa mno, hata msikilizaji aliyesinzia hatakosea. Hataza zake za FM zilitolewa tarehe 26 Desemba, 1933.

Sarnoff alikuwa amemwambia siku nyingi kwamba anatamani chombo kidogo cha kuondoa mikwaruzo. Armstrong alimletea namna mpya kabisa ya redio, yenye kutaka mitambo mipya ya kurushia na vyombo vipya vya kupokelea. Hata hivyo RCA ilimruhusu kufanya majaribio kutoka ghorofa ya 85 ya jengo la Empire State, lililokuwa refu kupita yote duniani, kuanzia mwaka 1934. Sauti ilisikika safi umbali wa kilomita zaidi ya mia, hata wakati wa radi. Mwaka 1935 kampuni ilimwambia aondoe mitambo yake, kwa kuwa mahali hapo patatumika kwa televisheni. Kwa haki, Sarnoff hakusema uongo: televisheni ilikuwa inakuja kweli, nayo ilihitaji fedha na nafasi. Lakini kampuni iliyokuwa na mamilioni ya dola katika redio za AM haikuwa na haraka ya kuzifanya takataka.

Tarehe 5 Novemba, 1935, aliwaonyesha wahandisi wenzake mjini New York. Rafiki yake alikuwa Yonkers na mtambo mdogo. Katika ukumbi walisikia maji yakimiminwa, karatasi ikichanwa, na gitaa likipigwa, kana kwamba mambo hayo yanafanyika papo hapo mbele yao. Mimi naona karatasi ndiyo iliyokuwa ushahidi mkubwa kuliko gitaa. Katika redio ya zamani, sauti ya karatasi ikichanwa haikuwa na tofauti na mikwaruzo yenyewe.

RCA haikumfuata, basi aliuza sehemu ya hisa zake, akajenga kwa fedha yake mnara wa chuma wenye urefu wa mita 130 hivi huko Alpine, katika jimbo la New Jersey, wenye mikono mitatu mirefu kama msalaba ulioongezwa mbao. Kufika mwaka 1940 vituo vya FM vilianza kuongezeka, na serikali ikavipa nafasi yao. Hapo ndipo RCA ilipomjia na dola milioni moja za mara moja, iitumie FM bila malipo mengine. Makampuni mengine yalikuwa yakimlipa sehemu ya kila redio waliyouza. Aliona si haki mkubwa alipe kwa namna nyepesi kuliko wadogo, akakataa. Hapa mimi na rafiki zangu wa bwenini tulibishana mpaka taa zikazimwa. Wengine walisema ni mjinga, kwa maana milioni ni milioni. Mimi naona hakuwa mjinga, ila alidhani kwamba watu watamtendea kama yeye alivyowatendea wale wadogo. Katika Vita Kuu ya Pili aliwaachia wanajeshi wa nchi yake watumie hataza zake zote bila malipo.

Pigo lilikuja tarehe 27 Juni, 1945. Serikali ya Marekani iliiondoa FM katika nafasi yake ya zamani, ikaihamishia juu, kati ya 88 na 108, ndizo namba tuzionazo hata leo katika redio zetu. Sababu iliyotolewa ni kwamba hali ya anga la juu ingevuruga matangazo katika nafasi ile ya zamani. Armstrong na wataalamu wengine walipinga. Lakini amri ilipita, na redio laki kadhaa zilizokwisha nunuliwa na watu zikawa masanduku ya mbao tu. Mwaka 1948 aliishtaki RCA kwa kutumia uvumbuzi wake bila malipo. Wanasheria wa kampuni walikuwa na fedha na nafasi. Yeye alikuwa na hataza ambazo muda wake ulikuwa unakwisha. Walimhoji muda mrefu ajabu. Mali yake iliisha, naye akawa mtu mwenye hasira. Novemba 1953, walipogombana na mkewe juu ya fedha, alimpiga mkononi kwa chuma. Bibi Marion akaondoka, akaenda kukaa kwa dada yake. Nimelitaja jambo hili kwa kuwa katika vitabu vya watu wakubwa mara nyingi huachwa, na aliyeumia siku ile hakuwa RCA.

Usiku wa tarehe 31 Januari, 1954, akiwa peke yake, na baada ya kumwandikia mkewe barua ya kumwomba radhi, Meja Armstrong alijitoa uhai. Alikuwa na miaka 63. Ilikuwa imetimia miaka 41 kamili tangu siku ile alipopeleka mchoro wake kutiwa muhuri.

Bibi Marion hakuziacha kesi. Mwisho wa mwaka ule ule RCA ilikubali kumlipa dola milioni moja na zaidi kidogo, karibu sawa na ile aliyoikataa mumewe. Akaendelea na makampuni mengine moja moja, miaka kumi na mitatu, mpaka la mwisho, Motorola, liliposhindwa mwaka 1967.

Na katika mwaka huo huo wa 1967, upande wa pili wa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Stanford, lilitokea jambo ambalo Armstrong hakuliota. Mwanamuziki kijana, John Chowning, mpiga ngoma kwa asili, alikuwa akijaribu kufanyiza sauti kwa kompyuta. Sauti za kompyuta wakati huo zilikuwa kavu na zimekufa. Kupata sauti moja yenye uhai kulitaka kujumlisha sauti nyepesi nyingi, moja juu ya nyingine, na kompyuta za siku hizo zilichukua muda mrefu kwa sekunde chache za muziki. Chowning alitaka tu kuitingisha sauti kidogo, kama mpiga zeze anavyotingisha kidole juu ya uzi ili sauti iyumbe na kupendeza. Mtingisho wa namna hii huenda mara sita hivi kwa sekunde, na sikio huufuata. Akauongeza. Ulipopita mara ishirini, na hamsini, na mia, sikio lilishindwa kuufuata. Halikusikia tena sauti inayoyumba. Lilisikia sauti nyingine kabisa, yenye rangi mpya.

Kumbe yalikuwa ni yale mawimbi ya pembeni ya Bwana Carson. Hesabu ni ile ile, ila katika redio yapo juu mno kwa sikio, na hapa yameshuka mpaka tunayasikia. Tuchukue sauti ya msingi yenye mitetemo 400 kwa sekunde, na ya pili, ambayo nitaiita mchezeshaji, yenye 100. Pembeni huzaliwa 300 na 500, kisha 200 na 600, kisha 100 na 700. Kwa sauti mbili tumepata ukoo mzima, na kwa kuwa zote zagawanyika kwa 100, sikio huzisikia kama sauti moja tamu, mfano wa zumari au tarumbeta. Sasa tuweke msingi 200 na mchezeshaji 280. Juu tutapata 480 na 760. Chini tutapita sifuri, na ipitayo sifuri hurudi kama wimbi lililogonga ukuta, ikawa 80, kisha 360. Ukizipanga kuanzia chini ni 80, 200, 360, 480, 760, hatua zisizolingana, na sikio huzisikia kama kengele iliyogongwa.

Liko jambo la tatu, nalo ndilo lililonishangaza zaidi. Kadiri mchezeshaji anavyotiwa nguvu, ndivyo mawimbi ya pembeni yanavyozidi kuwa mengi na sauti kung'aa. Tarumbeta halisi ikipulizwa, mwanzo sauti ni nzito, kisha kadiri nguvu inavyoongezeka huwa kali. Kengele ni kinyume chake: hung'aa mara igongwapo, ndipo hupoa na kubaki mvumo tu. Basi fundi akimpandisha mchezeshaji polepole, apata tarumbeta. Akimwanzisha kwa nguvu na kumshusha, apata kengele. Yote kwa vyombo viwili. Wenzangu wa kwaya, tuliojaribu pamoja kinanda kikuukuu cha namna hii, wanakumbuka sauti ile ya kengele inavyofifia, si kwa kupungua tu, bali kwa kupoteza makali.

Kumlinganisha Chowning na Armstrong ni jambo la kusikitisha. Makampuni ya vinanda ya Marekani yaliyoonyeshwa njia hii hayakuiona thamani yake, lakini Yamaha ya Japani iliielewa mara moja. Chuo cha Stanford kiliishughulikia hataza, iliyotolewa mwaka 1977, Yamaha ililipa, na hakuna aliyeharibikiwa. Mwaka 1983 kilitoka kinanda cha DX7, chenye vyombo sita vya kuchezeshana kwa kila sauti, vinavyoweza kuunganishwa kwa njia 32. Kilinunuliwa kwa wingi ajabu, kikasikika katika nyimbo za dunia nzima kwa miaka ile. Malipo yaliyokifikia chuo yalipita dola milioni 20. Baadaye njia hiyo iliingia katika vijipande vidogo vya kompyuta, na hata katika simu za mkononi za miaka ya 2000 mwanzoni, zile zilizolia kwa nyimbo kabla simu hazijaweza kupiga muziki uliorekodiwa.

Kwetu Tanzania, redio za FM zilienea hasa baada ya sheria ya mwaka 1993 iliyoruhusu watu binafsi kuwa na vituo. Tangu Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza mwaka 1951, sauti zilitufikia huku bara kwa masafa ya kati na masafa mafupi, pamoja na radi zake. FM ina upungufu wake, nao ni kwamba mawimbi yake huenda moja kwa moja kama mwanga, nayo huzibwa na vilima. Ndiyo sababu yataka minara mingi, na ndiyo sababu mtu akiwa nyuma ya majabali yetu makubwa, mara nyingine hulazimika kusogea hatua kumi ili asikie habari.

Mnara wa Alpine ungali umesimama juu ya mto Hudson, na mikono yake mitatu. Tarehe 11 Septemba, 2001, majengo mawili marefu ya New York yalipoangushwa, na mitambo iliyokuwa juu yake ikapotea, baadhi ya vituo vya televisheni vya jiji vilikwenda Alpine kufunga vyombo vyao, vikatangaza kutoka huko.